Saratani ya tumbo husambaaje? Panya, minyoo na yai la Kibaha

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa mkoa wa Pwani, wengi wao wakazi wa Kibaha na Kisarawe. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha.

Daktari, shikamoo. Wagonjwa wa saratani ya tumbo wapo hospitalini tele. Kwa nini wanasayansi wahangaike na panya? (Mwalimu wa baiolojia, Kisarawe)

Marahaba, Mwalimu. Tatizo ni kwamba mgonjwa hutufikia saratani ikiwa imeshatembea. Madaktari wa Mwanza walichapisha mwaka 2012 taarifa za wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamefika hatua ya tatu au ya nne. Kwa watu hao tunaona matokeo tu: ini lenye mauvimbe, maji yaliyojaa tumboni, tezi iliyovimba juu ya mtulinga wa kushoto, na kwa baadhi ya wanawake uvimbe wa ovari. Hatujui seli ya kwanza ilijibandua lini, wala kama ilipita kwenye limfu au kwenye damu, wala kwa nini iliota kwenye ini ikauacha wengu. Na hakuna daktari mwenye haki ya kumwacha binadamu bila tiba ili aone saratani itaelekea wapi. Mnyama wa maabara ndiye anayeweza kuchunguzwa wiki ya kwanza, ya tatu na ya kumi.

Basi panya hupewaje saratani ya binadamu? Mwili wake hauikatai?

Panya wa kawaida huikataa. Mwaka 1966 alielezwa panya mdogo asiye na manyoya, aliyezaliwa pia bila tezi ya thaimasi, kiwanda cha seli fulani za kinga. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Copenhagen, Rygaard na Povlsen, walimpandikizia uvimbe wa binadamu, nao ukakua.

Hapo ndipo kosa la miaka mingi lilipozaliwa. Watafiti walipenda kupandikiza uvimbe chini ya ngozi, kwa kuwa ni rahisi kuupima kwa rula. Uvimbe ulinenepa palepale, na mara chache sana ulisambaa. Daktari Mwingereza Stephen Paget alikuwa ameshaandika mwaka 1889 kwamba seli za saratani ni mbegu, na mbegu huota pale udongo unapoikubali. Ngozi ya mgongoni si udongo wa saratani ya tumbo. Mwaka 1993 kundi la watafiti Furukawa na Hoffman lilichukua vipande vizima vya saratani ya tumbo kutoka kwa wagonjwa, likavishona kwenye tumbo la panya hao wasio na manyoya. Safari hii saratani ilikwenda inakokwenda kwa binadamu: kwenye tezi za limfu, kwenye ini, na kwenye utando unaozunguka matumbo. Kwangu hilo ndilo somo kubwa la uwanja huu wote, na bado nasoma taarifa za dawa mpya zilizopimwa kwenye uvimbe wa chini ya ngozi peke yake. Huwa nazisoma kwa mashaka.

Kasoro ya panya huyu iko wazi: kinga yake ni pungufu, na kinga ni sehemu ya vita vyenyewe. Kwa hiyo wapo pia panya wenye kinga kamili waliobadilishwa vinasaba. Mwaka 2012 Wajapani walizima jeni mbili, ya E-kadherini na ya p53, ndani ya tumbo la panya. E-kadherini ndiyo inayozishikamanisha seli. Panya walipata saratani ya aina inayotawanyika, ikafika hadi kwenye tezi za limfu.

Na yule bakteria wa vidonda vya tumbo?

Helicobacter pylori. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimtangaza mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Barry Marshall wa Australia alijaribu kuwaambukiza watoto wa nguruwe akashindwa, hivyo mwaka 1984 akamnywa yeye mwenyewe, akaugua tumbo. Aliyekubali kupata saratani kwa bakteria huyo ni panya wa jangwani wa Mongolia: mwaka 1998 Watanabe na wenzake waliripoti kuwa baada ya wiki 62, asilimia 37 ya panya walioambukizwa walikuwa na saratani ya tumbo. Lakini panya huyo ni mzuri kwa kuonyesha saratani inavyoanza. Kwa swali la kusambaa, wengine wanamzidi.

Mashamba yetu ya mihogo na mahindi Kisarawe yamejaa panya. Hawana faida yoyote kwenye utafiti huu? (Mkulima, Masaki)

Ndugu yangu, umegusa jambo ambalo hata madaktari wengi hawalijui. Panya shamba wa jamii ya Mastomys, huyohuyo anayekufukulia mbegu, ana historia ndefu katika saratani ya tumbo. Mwaka 1957 Oettlé, mtafiti wa Afrika Kusini, aliripoti kuwa panya hao wakifugwa maabara hadi kuzeeka hupata saratani ya tumbo wenyewe, bila kupewa sumu wala kupandikizwa kitu. Baadaye ikabainika kuwa ni uvimbe wa seli zinazotoa histamini tumboni, ambao kitaalamu huitwa kasinoidi. Unaweza kusambaa hadi kwenye tezi za limfu na ini. Watafiti walipowapa panya hao dawa kali za kuzima asidi, homoni ya gastrini ilipanda na uvimbe ukatokea ndani ya miezi michache.

Tahadhari mbili. Kwanza, kasinoidi si saratani ile ya kawaida ya tumbo, kwa hiyo matokeo yake hayahamishwi hivihivi. Pili, spishi za Mastomys hazitofautishiki kwa macho: natalensis, ambaye Chuo Kikuu cha Sokoine kimemchunguza kwa miaka mingi kama mharibifu wa mazao, ana kromosomu 32, na coucha wa kusini ana 36. Makundi ya zamani ya maabara yaliitwa natalensis hata pale ambapo hayakuwa. Atakayeanzisha utafiti hapa aanze kwa kuwatambua panya wake.

Wewe usiwashike kwa mikono. Homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022 huenezwa na wanyama hawahawa.

Nimesikia minyoo inakinga saratani ya tumbo. Ni kweli? (Mama wa watoto wanne, Maneromango)

Uvumi huu una mzizi wa kweli. Afrika ina maambukizi mengi ya Helicobacter, lakini saratani ya tumbo inayoripotiwa ni kidogo kuliko ilivyotarajiwa; tangu 1992 wataalamu wanalijadili kama fumbo la Afrika. Mwaka 2000 James Fox na wenzake waliwaambukiza panya minyoo ya utumbo, kisha wakawaongezea Helicobacter wa aina nyingine anayefaa kwa panya. Mchochota wa tumbo ulibaki, ila kunyauka kwa tezi za tumbo, hatua inayotangulia saratani, kulipungua sana. Minyoo ilikuwa imeigeuza kinga upande mwingine.

Hata hivyo wapo wanaosema fumbo lenyewe ni uchache wa vipimo: usipotumbukiza kamera tumboni, huioni saratani. Mimi naegemea kwao kwa sehemu kubwa. Vyovyote iwavyo, mama, minyoo inawanyonya watoto damu leo. Wape dawa zinapoletwa shuleni.

Nafuga kuku Kwa Mfipa. Ni kweli mayai hutumika kupima saratani? (Mfugaji, Kibaha)

Kweli, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa nchi yenye bajeti kama yetu. Mwaka 1911 Peyton Rous na James Murphy wa New York walipandikiza uvimbe wa kuku ndani ya mayai yenye kiinitete. Siku hizi yai hukaa kwenye inkubeta hadi siku ya kumi hivi, ganda hutobolewa kidirisha, na seli za saratani ya binadamu huwekwa juu ya utando wenye mishipa mingi ya damu. Kinga ya kifaranga bado haijakomaa, kwa hiyo haizikatai. Uvimbe huota ndani ya siku chache, huvuta mishipa ya damu kuelekea kwake, na seli huanza kuhama. Siku ya 17 au 18, kabla ya kuanguliwa, mtafiti hutafuta vinasaba vya binadamu ndani ya ini na mapafu ya kifaranga.

Muda huo mfupi ndio udhaifu wake mkubwa: huwezi kufuatilia saratani ya miezi. Lakini kwa kuchuja dawa kumi ubaki na mbili za kupeleka kwa panya, yai linatosha. Na ujuzi hauko mbali. Taasisi ya chanjo ya TVLA, wakala wa maabara za mifugo, iko hapo Kibaha, nayo hutengeneza chanjo ya kideri ya I-2, ambayo virusi vyake huoteshwa ndani ya mayai. Wanaojua kumulika yai, kulitoboa bila kuua kiinitete na kulilinda na uchafu tayari tunao. Kukutana kwao na wanasayansi wa saratani wa Muhimbili kunahitaji barua na kikao.

Mayai yako ya biashara, ya kuku wasio na jogoo, hayafai. Yanatakiwa yenye mbegu.

Si ukatili kuwatumia wanyama hivi?

Maumivu yapo, na anayekana anadanganya. Ndiyo maana tangu 1959, kitabu cha Russell na Burch kuhusu majaribio ya wanyama kilipotoka, kanuni ni kutumia mbadala unapopatikana, kupunguza idadi na kupunguza maumivu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Mimi nina vidonda vya tumbo, natumia omeprazole ya duka la dawa na napata nafuu. Haya yananihusu nini? (Dereva wa bodaboda, Maili Moja)

Yanakuhusu kwa sababu dalili za saratani changa pia hutulia kwa omeprazole, huku seli zikiendelea na safari niliyoieleza hapo juu. Ukiona uzito unashuka, unashiba kwa tonge chache, chakula kinakwama, unatapika damu, choo kinakuwa cheusi au unaambiwa damu imepungua bila sababu, acha duka la dawa. Nenda hospitali ya Tumbi, au hospitali ya wilaya kwa walio Kisarawe, uombe rufaa ya endoskopi, ile kamera ya tumboni; hospitali ya Mloganzila wanaifanya. Na kinyama kikikatwa kwa ajili ya kipimo, rudi ufuate majibu yako.