Diski za breki zinashika kutu: nizibadilishe?

SWALI: Naishi Mombasa, naendesha Toyota Aqua. Pedi za breki bado nene, lakini diski zina kutu na breki zinakwaruza. Je, ninunue diski mpya?

JIBU: Usinunue kabla ya kupima. Gari la haibridi kama Aqua hupunguza mwendo kwanza kwa mota ya umeme, ambayo hugeuka jenereta na kuchaji betri. Pedi hugusa diski kwa nadra, hivyo diski hazisuguliwi vya kutosha, na hewa ya chumvi ya pwani huzitia kutu haraka.

Kutu nyepesi ya juu huondoka ukifunga breki kwa nguvu mara kadhaa kwenye barabara tupu na salama. Mwambie fundi asafishe pini za kalipa na kuzipaka grisi ya breki inayostahimili joto, kila mwaka. Pini zikikwama, pedi hulika upande mmoja.

Badilisha diski ikiwa imepasuka, ina mashimo ya kutu, usukani unatetemeka ukifunga breki, au unene wake umeshuka chini ya kiwango kilichochapwa kwenye diski yenyewe. Badilisha mbili za ekseli moja pamoja, na uweke pedi mpya.

La muhimu kuliko yote: breki za gari hili zina pampu ya umeme inayoweza kujiwasha hata gari likiwa limezimwa, ukifungua mlango tu. Fundi asiyejua kuizima kwanza anaweza kuumia vidole. Mpelekee fundi anayezijua haibridi.