Likoni hadi Lunga Lunga kwa baiskeli: Je, pesa zako za simu ziko tayari kwa safari?

Siku hizi wengi wetu tukitoka nyumbani tunapapasa mfuko kuhakikisha kitu kimoja tu: simu. Tangu M-PESA ianze hapa Kenya mwaka 2007, tumezoea kulipia nauli, mkate na hata kiraka cha tairi bila kugusa noti. Ukiwa mtaani kwako, mambo ni rahisi. Ukiwa njiani, mbali na watu wanaokujua, kosa dogo linaweza kukugharimu.

Somo la leo tulilipata barabarani. Makosa yote utakayosoma hapa ni yetu wenyewe.

Alfajiri, Likoni: kosa linaanza

Mwezi wa Agosti, wanne kati yetu tulipanga kuendesha baiskeli kutoka Likoni hadi Tanga. Siku ya kwanza tulale Lunga Lunga, mpakani, mwendo wa kama kilomita 100.

Tulianza kwa chai, mahamri na mbaazi karibu na feri. Ili hesabu iwe moja, sote tukamtumia mwenzetu mmoja michango yetu. Yeye ndiye mweka hazina, simu yake ndiyo benki. Simu hiyohiyo ndiyo ilikuwa ramani yetu, na ndiyo iliyopiga picha. Mabegi tukayatanguliza kwa matatu ya Lunga Lunga ili baiskeli ziwe nyepesi. Ndani ya begi moja kulikuwa na pochi ya mweka hazina, na ndani ya pochi, kitambulisho chake.

Tulijiona wajanja kweli.

Saa nane mchana, Ramisi: simu imezima, mtu ameishiwa nguvu

Agosti ni msimu wa kusi. Upepo unatoka kusini, kwa hivyo anayeelekea Lunga Lunga anaupokea usoni siku nzima. Waa, Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni: kila mji tuliufikia tumechelewa. Karibu na Ramisi, kwenye mashamba ya miwa, mweka hazina wetu akashikwa na misuli, akaanza kutapika, kisha akasema anaona kizunguzungu. Jua lilikuwa limemwingia.

Tukamketisha kivulini kwenye kibanda cha duka. Tukataka kununua maji na kuita tuktuk impeleke hospitali, turudi naye Msambweni. Simu yake ikawa imekufa chaji. Sisi watatu tukipekua mifuko, kesh yote pamoja ilikuwa shilingi 70.

*Somo la 1: Pesa zako zimo kwenye akaunti, si ndani ya kile kifaa.* Mwenzetu mmoja alivua hereni, akafungulia kitrei cha laini kwenye simu ile iliyozima, tukaipachika laini kwenye simu nyingine yenye chaji. Menyu ikafunguka. Simu ikizima au ikianguka ikavunjika, laini yako bado inafanya kazi kwenye simu nyingine. Lakini tumia simu ya mtu unayemwamini, na ukimaliza hakikisha umeondoka na laini yako.

"Taja tu PIN, tukubonyezee"

Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Mara ya kwanza alikosea PIN. Tukamwambia, "Bwana, taja tu PIN tukubonyezee." Akatikisa kichwa. Tulikasirika kidogo, maana hali yake ilitutisha. Lakini pale kibandani tulikuwa tumezungukwa na watu, na PIN ikitajwa kwa sauti haiwi siri tena.

*Somo la 2: Usibonyeze kwa haraka.* Ukikosea PIN mara kadhaa, akaunti hufungwa, na kuifunguza ukiwa njiani ni kazi. Mwenye duka alituamini, akatupa maji kabla hatujalipa. Mgonjwa akanywa polepole, akapumzika dakika kumi, akajaribu tena mwenyewe. Ikakubali.

Wakala aliyetukatalia

Mmoja wetu akashika simu mbio hadi kwa wakala wa jirani kutoa pesa. Mama yule akauliza kitambulisho cha mwenye laini. Tukamwonyesha picha yake kwenye simu.

"Poleni sana wanangu," akasema. "Lakini picha si kitambulisho, na mwenye laini simwoni hapa. Mwizi naye angekuja na maneno hayahaya."

Iliuma, lakini alikuwa sahihi. Wakala anayekukatalia leo ndiye atakayemkatalia aliyeiba simu yako kesho.

*Somo la 3: Kitambulisho halisi kisafiri nawe mwilini, si ndani ya begi.*

Namba mbili zilizopishana

Dereva wa tuktuk alikubali kulipwa kwa simu. Akataja namba, tukaandika, jina likatokea. Tukalisoma kwa sauti. "Huyo si mimi," akasema. Tulikuwa tumegeuza tarakimu mbili za mwisho. Tukaghairi, tukaandika upya, jina lake likaja.

*Somo la 4: Soma jina kabla ya kuthibitisha, hata kama kuna dharura.* Ukishatuma kimakosa, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo ukiwa na ujumbe wa muamala. Usingoje hadi jioni: aliyepokea akishazitoa, kuzirudisha huwa kugumu.

Mwenzetu alifika hospitali Msambweni akiwa na mmoja wetu. Aliongezewa maji, akalala, na kesho yake akaamka akiulizia baiskeli yake. Wawili waliobaki tuliingia Lunga Lunga baada ya Maghribi, kimya.

Kabla hujatoka nyumbani

- Gawa pesa za kikundi kwenye laini mbili au zaidi.
- Simu ya ramani isiwe simu ya pesa. Beba pawabanki, au ile kabambe inayokaa na chaji siku kadhaa.
- Weka kesh kidogo: ya maji, na ya nauli ya kurudi.
- Toa pesa kwenye miji mikubwa kama Ukunda. Wakala wa kijijini huenda hana kesh ya kutosha. Na kutoa 500 mara nne ni kulipa ada mara nne.
- Ukivuka mpaka, jipange mapema. Tanzania nako kuna M-Pesa, lakini jina kufanana hakufanyi akaunti kuwa moja. Usitegemee wakala wa Horohoro au Tanga kukuhudumia kwa laini ya Kenya. Na shilingi za huko zina sufuri nyingi zaidi, zihesabu taratibu.

PIN yako ni yako peke yako. Sisi hatutakuuliza kamwe, na rafiki anayekujali naye asikuulize. Hilo, siku ile Ramisi, mgonjwa ndiye aliyetufundisha sisi wazima.

Safari njema.