NEEMA ILIYOINGIA NYUMBANI KWA ZAKAYO

Somo: Luka 19:1-10, Tito 2:11-14



Wako watu wanaoniambia, "Mchungaji, ngoja kwanza nitengeneze maisha yangu, ndipo niokoke." Wengine wameokoka tayari, lakini wanasema, "Tuko chini ya neema, Mungu anaelewa maisha ya ukimbizi." Wa kwanza anataka kubadilika bila neema. Wa pili anataka neema isiyombadilisha. Zakayo anawajibu wote wawili.

1. Neema inatangulia

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko, tena tajiri. Watoza ushuru walichukiwa kwa kutumikia Warumi na kutoza kupita kiasi. Yesu alipofika chini ya mkuyu hakumwambia, "Rudisha kwanza mali za watu." Alimwita kwa jina lake akasema atakaa nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Linganisha mstari wa 5 na wa 8. Kwanza Yesu anamwita, kisha mali inarudishwa. Ndivyo ilivyo na sisi: Kristo alitufia tulipokuwa bado wenye dhambi (Warumi 5:8).

2. Neema inafundisha

Paulo anamwandikia Tito kwamba neema inatufundisha kukataa ubaya. Neno la Kigiriki alilotumia ni lile la kulea mtoto: kumfundisha, kumkanya, kumzoeza. Mama hamtupi mtoto wake kwa sababu amejipaka matope. Lakini pia hamwachi alale na matope. Humwogesha, hata kama mtoto analia.

3. Neema inafika mpaka kwenye mfuko

Torati ilimtaka aliyeungama kosa la namna hii arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:6-7). Zakayo aliahidi mara nne, na nusu ya mali yake kwa maskini. Hakuna askari aliyemlazimisha.

Hapa natoa ushuhuda wangu, nao si wa kujisifu. Nilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa kijana. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mchungaji, mpwa wangu aliyeandikwa kwenye kadi yetu ya chakula aliondoka kambini. Sikutoa taarifa. Kwa miezi minne nilipokea unga wake, maharage yake na mafuta yake. Nilijiambia, "Watoto wana njaa." Njaa ilikuwa ya kweli. Lakini uongo nao ulikuwa wa kweli.

Jumapili moja, nikiongoza Meza ya Bwana, nilishika mkate nikaona kwamba Yesu ananilisha akijua yote. Hakunifukuza. Hapo ndipo nilipopata nguvu ya kusema. Kesho yake nilikwenda kuomba jina liondolewe, huku nikiogopa kadi nzima itafungwa. Haikufungwa, ila mgawo ulipungua, na mwisho wa mwezi tulikula mara moja kwa siku. Mara nne sikuweza. Mke wangu alisema, "Tuanze na kopo moja." Tukawa tunampelekea jirani yetu mjane kopo la unga kila mgawo.

4. Neema ni ya leo

Yesu alisema wokovu umefika katika nyumba ile siku ile. Ndugu yangu, dada yangu, ushuru wako ni upi? Ni kopo la kupimia lililobonyezwa pale sokoni? Ni deni unalolikimbia? Ni neno la uongo ulilosema juu ya jirani kwa sababu ya kabila lake? Usingoje mpaka urudi nyumbani Kongo au Burundi, wala mpaka uitwe kwenda nchi ya tatu. Yesu anaijua blok yako na namba ya nyumba yako.

Nasi kanisa, tusiwe kama watu wa Yeriko walionung'unika. Mtu akiungama, tumpokee.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Kwa nini Yesu aliingia kwa Zakayo kabla hajarudisha mali?
2. Kuna kitu gani katika nyumba yetu ambacho si chetu?
3. Kama hatuwezi kurudisha vyote, tuanze na nini juma hili?

Tuombe: Bwana Yesu, umetupokea tukiwa wachafu. Usituache tulivyo. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu, mkimbizi pamoja nanyi.