SOMO: Kununua kwa Pamoja Makasha ya Chuma ya Amplifaya



Katika toleo hili tunawaletea somo linalohusu kazi ya mikono ambayo vijana wengi wanaipenda, yaani kutengeneza amplifaya. Tunalenga hasa hatua moja inayowashinda mafundi wengi: kupata kasha zuri la chuma kwa bei wanayoimudu. Njia tunayopendekeza ni wanakikundi kuagiza makasha kwa pamoja kutoka kwa fundi mmoja. Tunashauri somo hili lisomwe katika kikao, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

Lengo la somo

Baada ya somo hili, kamati au kikundi kiweze:
- kueleza kazi ya kasha la amplifaya na hatari ya kasha baya;
- kupiga hesabu ya kununua kwa pamoja;
- kupanga hatua za kazi ili fedha za wanachama zisipotee.

1. Kasha lina kazi gani?

Kujitengenezea amplifaya si jambo jipya. Mwaka 1947 mhandisi D.T.N. Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya katika jarida la Wireless World huko Uingereza, na watu wengi waliitengeneza nyumbani kwao. Siku hizi kazi imekuwa rahisi zaidi, kwa kuwa kifaa kimoja kidogo kama LM3886 kinaweza kutoa hadi wati 68 kwenye spika ya ohm 4. Fundi kijana akipata kifaa hicho, transfoma na vipuri vichache, sauti inatoka.

Tatizo linaanza pale anapotafuta mahali pa kuviweka. Mara nyingi kasha ndilo linalogharimu kuliko vipuri vyenyewe. Matokeo yake, amplifaya inawekwa kwenye sanduku la mbao, kwenye kasha la deki iliyokufa, au inaachwa wazi juu ya ubao. Amplifaya hiyo hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye kwaya, mikutano, sherehe na misiba.

Kasha lina kazi tatu.

Kwanza, kulinda watu. Ndani ya amplifaya umo umeme wa volti 230. Waya ukichomoka ukagusa chuma, kasha zima linakuwa na umeme. Kama kasha limefungwa waya wa ethi, umeme unakimbilia ardhini na fyuzi inakatika. Kama halina ethi, umeme unamsubiri mtu wa kwanza kuligusa. Tena si lazima aliguse kasha lenyewe. Kwa kawaida chuma cha maikrofoni na nyuzi za gitaa la umeme huungana na kasha kupitia waya wake, hivyo mwimbaji aliye mbali na amplifaya naye yumo hatarini. Tunasisitiza: kasha la chuma lisilo na ethi linaweza kuwa hatari kuliko hata sanduku la mbao.

Pili, kutoa joto. Amplifaya za aina hii haziwezi kugeuza umeme wote kuwa sauti, na sehemu kubwa inapotea kama joto. Kifaa kinachopata moto kifungwe kwenye hitisinki ya aluminiamu, si kwenye bati la kasha, kwa sababu aluminiamu hupitisha joto takriban mara nne kuliko chuma. Kasha nalo liwe na matundu chini na juu, ili hewa ya baridi iingie na ya moto itoke.

Tatu, kulinda kifaa dhidi ya vumbi, kuanguka na mvumo unaotoka kwenye nyaya za nje.

2. Kwa nini tununue kwa pamoja?

Watu kuunganisha fedha zao ili kununua ni jambo la siku nyingi. Huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu 28 walianzisha duka la ushirika wakianza na bidhaa chache kama unga, siagi na sukari. Kwa makasha faida inakuwa kubwa zaidi, na ni vizuri kuelewa sababu yake.

Fundi anayetengeneza kasha ana gharama za aina mbili. Ipo gharama ya maandalizi: kuchora, kutengeneza sampuli, kupanga mashine na usafiri. Hii ni ile ile, awe anatengeneza kasha moja au makasha 20. Halafu ipo gharama ya kila kasha: bati, kukata, kukunja, kutoboa na kupaka rangi.

Tuchukue mfano. Hizi ni namba za kujifunzia tu, siyo bei za soko. Tuseme maandalizi ni shilingi 300,000, na kila kasha ni shilingi 45,000. Bei ya kasha moja itakuwa hivi:

- Kasha 1: shilingi 345,000
- Makasha 5: shilingi 105,000 kila moja
- Makasha 10: shilingi 75,000 kila moja
- Makasha 20: shilingi 60,000 kila moja
- Makasha 40: shilingi 52,500 kila moja

Angalieni vizuri. Kutoka kasha 1 hadi 10, kila mmoja ameokoa shilingi 270,000. Lakini kutoka 20 hadi 40 ameokoa shilingi 7,500 tu. Hivyo basi, kikundi chenye watu 20 hakina sababu ya kusubiri miezi sita ili wafike 40. Wakati wa kusubiri, wengine watatumia fedha zao kwa ada za shule au matibabu, na orodha itapungua badala ya kuongezeka.

3. Mchoro mmoja, uliofungwa

Hapa ndipo vikundi vinapovutana. Huyu anataka matundu mawili ya spika, yule manne, mwingine anataka kasha refu zaidi. Kila badiliko ni maandalizi mapya, na faida yote ya kununua pamoja inapotea. Tunashauri kikundi kikubaliane juu ya kasha moja. Mahitaji ya mtu binafsi yamalizwe kwenye uso wa mbele: uachwe bila matundu, kila mmoja atoboe mwenyewe.

Vipimo visitoke hewani, vitoke kwenye shiti ya chuma inayouzwa dukani, ambayo ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2,440 kwa 1,220. Tuchukue kasha lenye upana wa milimita 280, kina 250 na kimo 90. Linatengenezwa kwa vipande viwili:

- Kipande cha chini pamoja na uso na mgongo, kikiwa na midomo ya skrubu ya milimita 10 kila upande: milimita 430 kwa 300.
- Kifuniko pamoja na mbavu zake mbili: milimita 460 kwa 250.

Vipande vinne vya chini vinakaa safu moja kwenye upana wa shiti, na vifuniko vinne safu ya pili. Safu hizo mbili zinachukua urefu wa milimita 890. Kwa hiyo shiti moja inatoa makasha 8, na kunabaki milimita 660 zinazotosha safu moja zaidi. Mkinunua shiti mbili, baki la kwanza linatoa vipande 4 vya chini, na baki la pili linatoa vifuniko 4. Jumla ni makasha 20 badala ya 16. Makasha manne yamepatikana bila kununua bati jingine, kwa sababu tu watu walikaa na penseli na rula kabla ya kwenda kwa fundi.

Kwa kasha la ukubwa huu, bati la geji 18 (karibu milimita 1.2) linatosha. Kama transfoma ni nzito, chagueni geji 16 (karibu milimita 1.5).

Mchoro ukikamilika, wanachama wote wausaini. Baada ya hapo usibadilishwe.

4. Sampuli kabla ya fedha nyingi

Fundi atengeneze kasha moja kwanza. Kikundi kilijaribu kwa kufunga vipuri halisi ndani yake, siyo kwa kulitazama tu. Kagueni yafuatayo:

- Je, transfoma na hitisinki vinaingia, na kifuniko kinafunga?
- Je, soketi ya waya wa umeme, fyuzi na swichi vinakaa kwenye matundu yake bila kupigwa tupa?
- Je, kingo zimesagwa zisikate mikono wala nyaya?
- Je, sehemu ya bolti ya ethi imeachwa bila rangi? Rangi huzuia umeme, hivyo bolti iliyokazwa juu ya rangi inaweza isiwe ethi kabisa. Bolti hiyo iwe ya peke yake, yenye washa ya meno, na isishikilie kitu kingine.
- Je, kifuniko nacho kimeungana na ethi? Pimeni kwa mita, kutoka pini ya ethi ya waya wa umeme hadi kila kipande cha chuma. Mita isome karibu na sifuri.

Kasoro ikionekana kwenye sampuli, hasara ni ya kasha moja. Ikionekana baada ya makasha 20, hasara ni ya kikundi kizima na pengine ndiyo mwisho wa kikundi.

5. Utunzaji wa fedha

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vingi havivunjwi na fundi mbaya, vinavunjwa na fedha zisizoeleweka ziko wapi. Tunapendekeza awamu mbili za malipo.

Awamu ya kwanza: kila mwanachama analipa sehemu yake ya maandalizi. Katika mfano wetu, watu 20 wakilipa shilingi 15,000 inapatikana shilingi 300,000. Fedha hii hairudishwi baada ya kazi ya mchoro kuanza, na jambo hilo liandikwe na kusomwa mbele ya wote. Kwa njia hiyo, watu sita wakijitoa, wale 14 waliobaki hawabebeshwi mzigo wao.

Awamu ya pili: shilingi 45,000 kwa kila kasha inalipwa baada ya sampuli kukubaliwa, siyo kabla. Asiyelipa kwa tarehe iliyopangwa, nafasi yake apewe aliye kwenye orodha ya akiba.

Aidha, tunashauri mambo haya:
- Fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, siyo kwenye simu ya mtu mmoja.
- Anayekusanya fedha asiwe ndiye anayechagua fundi.
- Kikundi kinunue bati chenyewe na kumkabidhi fundi. Malipo ya ufundi yagawanywe: nusu wakati wa kuanza, nusu baada ya makasha kukaguliwa.
- Mkataba uandikwe hata kama fundi ni ndugu. Utaje idadi, vipimo, geji, rangi, tarehe, na nani anabeba gharama ya kasha lenye kasoro.

6. Kupokea na kugawa

Makasha yakifika, yahesabiwe na kukaguliwa mbele ya wanachama wasiopungua watatu, kisha yagawiwe kwa kura. Hili linaonekana dogo, lakini kiongozi akijichagulia lililonyooka zaidi, mradi unaofuata hautapata watu.

Kabla amplifaya haijatumika mbele ya watu, ethi ipimwe tena ikiwa imekamilika. Vilevile soketi za ukumbi zikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni. Waya wa ethi ulio mzuri ndani ya kasha hausaidii kitu kama soketi ya ukutani haina ethi.

7. Neno kwa wafadhili wetu

Wafadhili mara nyingine huuliza: je, tuwanunulie vijana makasha? Ushauri wetu ni kwamba msaada uelekezwe kwenye gharama ya maandalizi, na kila kijana alipie kasha lake. Katika mfano wetu, shilingi 300,000 za mfadhili zinashusha bei kwa watu wote 20, na bado kila mmoja ametoa jasho lake. Zaidi ya hayo, mchoro na vigezo vya kukatia vinabaki mali ya kikundi. Oda ya pili itaanzia hapo, na sehemu kubwa ya gharama ya maandalizi haitarudiwa. Makasha yaliyogawiwa bure yanakwisha siku ya kugawiwa. Mchoro uliolipiwa unaendelea kufanya kazi.

Hitimisho

Ndugu wasomaji, tukumbuke mpangilio wa hatua zetu: mchoro, sampuli, kisha fedha nyingi. Bei inashuka kwa sababu tuko wengi, lakini fedha zinalindwa kwa sababu hatukuruka hatua. Mpangilio huu unafaa pia mnapoagiza kwa pamoja madawati, milango au majiko ya chuma.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, nani anatengeneza au kutumia amplifaya zisizo na kasha salama? Je, ethi imewahi kupimwa?
2. Tukipata bei halisi za fundi wa eneo letu, ni watu wangapi wanatosha kuanza bila kusubiri?
3. Katika miradi yetu iliyopita, fedha zililipwa kabla au baada ya sampuli? Tulijifunza nini?
4. Nani atatunza mchoro na daftari, na wanachama watalikagua daftari hilo lini?