SOMO: MAWE YANAVYOZALIWA NA YANAVYOGEUKA



Katika kila nyumba ya kijijini kuna mawe ambayo mama huyajua vizuri kuliko mwalimu ye yote. Kuna mafiga matatu ya kupikia, kuna jiwe la kusagia, na nje ya mlango kuna jiwe la kunolea panga na jembe. Mwulizeni mama kwa nini hakuokota mafiga yake mtoni. Atawajibu: «Jiwe lililolala majini likipata moto hupasuka, na chungu humwagika.» Mwulizeni tena kwa nini alichagua sana jiwe lake la kusagia. Atasema: «Jiwe laini hutia mchanga katika unga.» Basi mama huyu amekwisha kulijua jambo la kwanza la somo letu: mawe si ya namna moja.

Watu wengi hudhani kwamba jiwe ni kitu kisichobadilika. Lilikuwa jiwe tangu mwanzo, nalo litakuwa lile lile hata mwisho. Sivyo. Jiwe huzaliwa, huchakaa, husagika kuwa mchanga na udongo, kisha huwa jiwe tena. Mtu mmoja wa Scotland, James Hutton (1726–1797), alisoma uganga, lakini alikuwa pia mkulima. Aliona jinsi mvua ilivyouchukua udongo wa mashamba na kuutia mitoni, na mito ikaupeleka baharini. Akajiuliza: Kama udongo unaondoka siku zote wala hauji mwingine, kwa nini nchi haijakwisha? Mwaka 1785 aliwaeleza wenye elimu wa Edinburgh jibu lake: nchi hubomolewa juu, nayo hujengwa tena chini. Hilo ndilo tunalotaka kulijifunza leo, na mifano yetu tutaitoa katika nchi yetu wenyewe.

1. Mawe yaliyotoka motoni

Chini sana ya miguu yetu kuna joto kali, na mahali pengine mawe huyeyuka yakawa kama uji mzito. Uji huo ukipata njia hupanda juu. Ukitoka nje tunauita lava, na mlima unaoutoa tunauita volkano.

Kaskazini ya Ziwa Kivu iko milima minane ya Virunga. Miwili ndiyo inayotoa moto mara nyingi: Nyamulagira na Nyiragongo. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi ajabu, hutiririka karibu kama maji. Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka ubavuni, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Watu wengi waliokuwa miteremkoni hawakupata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia mji wa Goma, ikapita katikati ya nyumba na maduka, ikafika ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, na zaidi ya watu 100,000 walikosa makao. Tena tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka usiku, ukaviteketeza vijiji, ukasimama kando ya mji.

Lava ikipoa upesi, chembe zake hazipati wakati wa kukua. Kwa hiyo jiwe lake ni jeusi, chembe zake hazionekani kwa macho, na mara nyingi lina vitundu vingi, kwani hewa iliyokuwa ndani ilitoka wakati wa kuganda. Lakini uji mwingine haufiki juu. Hubaki umefungwa chini ya nchi, ukapoa polepole kwa maelfu na maelfu ya miaka. Hapo chembe hukua. Jiwe hilo huitwa graniti: mna vipande vyeupe, vipande vya kijivu kama kioo, na vipande vinavyometa kama magamba ya samaki. Katika Kivu na Maniema, madini ya bati yalitoka katika graniti za namna hiyo, zilizopoa yapata miaka milioni elfu moja iliyopita.

2. Mawe yaliyojengwa kwa tabaka

Hakuna jiwe linaloshinda mvua na jua. Mchana jiwe hupata joto, usiku hupata baridi, likaingia nyufa. Maji hupenya, mizizi hupenya, na sehemu za jiwe zinaoza kidogo kidogo. Mwisho wake ni kokoto, mchanga na udongo.

Sasa mto huanza kazi yake. Tazameni Ruzizi unaotoka Ziwa Kivu na kushuka hata Tanganyika. Wakati wa masika maji yake ni mekundu: huo ni udongo wa milima unaosafiri. Mto wenye mbio hubeba hata mawe makubwa. Unapofika penye tambarare huchoka, ukaweka kwanza kokoto, halafu mchanga. Na matope laini huenda mbali hata ndani ya ziwa, yakashuka polepole hata chini. Mwaka hata mwaka tabaka hulala juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa ghalani. Chini ya Ziwa Tanganyika matope hayo yana unene wa kilometa kadhaa.

Uzito wa tabaka za juu huzigandamiza zile za chini na kuyakamua maji yake. Chumvi na chokaa zilizokuwa ndani ya maji huzishika chembe pamoja, kama vile saruji inavyoshika mchanga. Hivyo mchanga huwa jiwe la mchanga, na tope huwa jiwe la udongo. Makombe ya wanyama wadogo wa majini yakilundikana huwa jiwe la chokaa. Miti iliyozikwa katika matope huwa makaa ya mawe, kama yale yaliyochimbwa karibu na Kalemie.

Mawe haya yanajulikana kwa mistari yake. Pengine mtaona ndani yake alama ya jani au ya konokono, ushahidi kwamba mahali palipo kavu leo palikuwa maji zamani.

3. Mawe yaliyogeuzwa

Mfinyanzi wa matofali atatufundisha sehemu hii. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Lakini akilitia katika tanuru na kulichoma, linakuwa gumu wala halirudi tena. Halikuyeyuka, ila limegeuka.

Ndivyo ilivyo kwa mawe. Tabaka zikizikwa kilometa nyingi chini, au milima ikisukumana, mawe hupata joto na uzito mkubwa. Hayayeyuki, bali chembe zake hujipanga upya. Jiwe la chokaa huwa marumaru. Jiwe la mchanga huwa jiwe gumu sana, hata nyundo huruka juu yake. Jiwe la udongo huwa jiwe la mabamba linalopasuka kama kurasa za kitabu.

Watu wengine hudhani kwamba mlima Ruwenzori, ulio mrefu meta 5,109, ni volkano kama jirani zake wa Virunga. Si kweli. Mawe yake mengi ni haya yaliyogeuzwa, yaliyopikwa chini kabisa zamani sana. Nguvu za nchi ziliyainua hata yakafika penye theluji.

4. Njia haina mwisho

Sasa tuunganishe mambo yote. Jiwe la moto husagika kuwa mchanga; mchanga huwa jiwe la tabaka; jiwe la tabaka likizikwa hugeuzwa; lililogeuzwa likizidi kupata joto huyeyuka, likawa tena uji wa moto. Lakini msidhani kwamba kila jiwe hufuata njia hii hatua kwa hatua. Graniti yaweza kugeuzwa bila kusagika kwanza. Jiwe la tabaka laweza kuinuliwa na kusagika tena bila kuuona moto. Njia ni nyingi, wala hakuna jiwe lililo la mwisho.

Ni nini kinachoisukuma kazi hii? Juu, ni jua na mvua. Chini, ni joto la ndani ya dunia. Nchi yetu ya mashariki inapasuka polepole, milimeta chache tu kwa mwaka. Katika ufa huo mkubwa yamelala maziwa yetu, na humo volkano zimepata mlango.

5. Faida ya kuyajua haya

Kwanza, udongo ni jiwe lililooza, na kuoza kwake huchukua muda mrefu. Udongo wa kina cha sentimeta moja mara nyingi huhitaji miaka mia au zaidi. Lakini mvua moja kubwa yaweza kuuondoa katika shamba lililolimwa kufuata mteremko. Mtu akipoteza udongo wake, hata wajukuu wake hawataona mwingine. Kwa hiyo limeni kwa kukingama mlima, chimbeni mitaro, pandeni majani na miti ukingoni.

Pili, penye lava ya zamani kuna udongo wenye rutuba. Ndiyo sababu watu hurudi karibu na volkano. Baada ya mwaka 2002 watu wa Goma waliyavunja mawe yale yale yaliyowazika, wakajenga nayo kuta. Tusiwacheke. Lakini anayekaa huko sharti asikilize maonyo ya wanaochunguza mlima, tena aijue njia ya kukimbilia.

Tatu, kati ya Goma na Sake, katika mashimo na mabonde ya lava, hutoka hewa mbaya ambayo wenyeji huiita mazuku. Haionekani, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hulala chini. Huzidi usiku na alfajiri, penye utulivu wa upepo. Mkiona ndege au wanyama wamekufa shimoni, msishuke. Wala mtu asimfuate mwenzake aliyeanguka humo bila msaada. Wengi wamekufa wawili wawili kwa kufanya hivyo.

Maswali

Swali: Mawe ni ya namna ngapi kwa kuzaliwa kwake?
Jibu: Ni ya namna tatu: yaliyotoka motoni, yaliyojengwa kwa tabaka, na yaliyogeuzwa.

Swali: Kwa nini graniti ina chembe kubwa, na lava chembe ndogo?
Jibu: Kwa sababu graniti ilipoa polepole chini ya nchi, na lava ilipoa upesi nje.

Swali: Je, jiwe lililogeuzwa liliyeyuka?
Jibu: La. Lilipata joto na uzito tu, kama tofali katika tanuru.

Swali: Kwa nini tuulinde udongo wa mashamba?
Jibu: Kwa sababu huja polepole sana, na huondoka kwa siku moja.

Kazi ya nyumbani: Okoteni mawe matatu, moja njiani, moja mtoni, moja mlimani. Yaosheni, yatazameni juani, mkawaeleze wenzenu kila moja lilizaliwa namna gani.