Darsa: Dawa za Wasiwasi, Ya Upesi na Ya Taratibu

Tumeletewa suala na mama mmoja wa Msambweni, nasi twaona lastahili darsa nzima. Mwanawe alikuwa akifanya kazi katika hoteli huko Diani. Msimu ulipokuwa mbaya akasimamishwa kazi, akaanza kushikwa na hofu asiyoijua itokako: moyo kwenda mbio, mikono kutetema, pumzi kumpaa, usingizi kumhama. Rafiki yake akampa vidonge vya diazepamu, ambavyo wengi wavijua kwa jina la Valium. Usiku ule akalala kama mtoto. Tangu hapo, kwa zaidi ya mwaka, akawa hununua mwenyewe dukani bila ya cheti cha tabibu. Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Ilipoingia Ramadhani akaambiwa na wenziwe kwamba huo ni ulevi, akaviacha vyote kwa siku moja. Siku ya sita akaanguka, mwili ukamkakamaa, povu likamtoka. Majirani wakasema ni jini. Akaandikiwa kombe, na wengine wakataka apelekwe kupungwa.

Mama auliza: Je, ni jini? Je, vidonge hivi ni ulevi? Na je, mwanangu asinywe dawa kabisa?

Amma la kwanza, kuanguka kwa kijana huyu kuna sababu ijulikanayo wazi kwa matabibu. Ndani ya ubongo mna vitu viamshavyo na vitu vitulizavyo, na diazepamu hukitia nguvu kimoja katika hivyo vitulizavyo. Lakini dawa ikinywewa kwa majuma mengi, ubongo huizoea, nao hupunguza utulivu wake wenyewe kwa kuitegemea dawa. Mfano wake ni mkokoteni unaoteremshwa kivukoni Likoni, na mtu yuko nyuma auzuia. Akiuachilia pole pole, hufika chini salama. Akiuachilia ghafula, hapana ajuaye utakakokwenda. Ndivyo ulivyokuwa ubongo wa kijana huyu alipoviacha vidonge vinne kwa siku moja. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, wala hatumkatazi mtu. Tukatazalo ni kumfunga mgonjwa nyumbani kwa kombe na ngoma ilhali hospitali iko hapo hapo Msambweni, kwani kuanguka kwa namna hii kwaweza kumwua mtu.

Dawa yenyewe si mbaya kwa asili yake. Dawa ya kwanza ya ukoo huu, Librium, ilivumbuliwa na mwanakemia Leo Sternbach wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, ikaanza kuuzwa mwaka 1960. Valium ikafuata mwaka 1963. Watu waliifurahia kwa kuwa dawa za usingizi zilizotangulia zilikuwa zikiua kwa wepesi mno. Hata leo diazepamu yahitajiwa kwa mtu aliyeshikwa na kifafa kisichokoma, na kwa pepopunda. (Na tazama jina hilo! Wazee wetu waliyaita maradhi hayo kwa jina la pepo, na leo kila mama aliyechanjwa kliniki ajua kwamba huletwa na kijidudu cha udongoni kiingiacho kidondani.) Kwa hofu kali iliyompata mtu ghafula, tabibu aweza kuitoa kwa siku chache, na matabibu wengi hawapendi ipite majuma mawili hadi manne. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosema kwamba dawa za ukoo huu zisiwe ndizo tiba ya mtu mzima mwenye maradhi ya wasiwasi wa kudumu. Na vile vidonge ambavyo vijana wa pwani huviita bugizi ni vya ukoo huo huo. Vikichanganywa na pombe au heroini huweza kuikata pumzi ya mtu usingizini.

Basi tiba ya wasiwasi wa kudumu ni ipi? Mwongozo ule ule wataja dawa za namna nyingine, kama fluoksetini na setralini, ambazo hutumiwa pia kwa maradhi ya huzuni. Hizi hazimlazi mtu usiku ule ule. Huchukua majuma mawili, manne, hata sita, ndipo mgonjwa aone nafuu. Tena siku za mwanzo zaweza kumletea kichefuchefu, kuumwa na kichwa, tumbo kumwendesha, hata wasiwasi wenyewe kuzidi kidogo. Wengine hupungukiwa na hamu ya mume au mke, wakaona haya kusema. Na tabibu asipoambiwa hawezi kubadilisha dawa. Kijana aliye chini ya miaka 25 aangaliwe sana majuma ya mwanzo, kwa kuwa huenda akajiwa na fikira za kujidhuru. Na zikimjia, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Baada ya kupona, mgonjwa huendelea na dawa kwa miezi 6 hadi 12, kisha hupunguziwa kidogo kidogo kwa amri ya tabibu.

Hapa ndipo penye kosa letu. Dawa ya upesi, ambayo yapasa inywewe kwa siku chache, sisi huinywa mwaka mzima. Dawa ya taratibu, ambayo yataka miezi, sisi huitupa siku ya sita, tukasema haifai kitu. Lau watu wa miji yetu wangaligeuza mambo haya mawili, nusu ya taabu hii isingalikuwako.

Ziko na nyingine. Propranololi huzuia moyo kwenda mbio na mikono kutetema, lakini haigusi fikira, na mwenye pumu haimfai hata kidogo. Amitriptilini ni ya zamani na bei yake ni nafuu. Hukausha kinywa na kuleta usingizi, na ikizidi kipimo huudhuru moyo, basi isiwekwe mahali watoto wafikapo.

Kabla ya dawa yo yote, tabibu hutazama asili ya taabu. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu atetemeke na moyo umwende mbio kama mwenye wasiwasi. Kahawa chungu ya barazani, vikombe sita baada ya Isha, hufanya hivyo hivyo. Na muguka je? Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kuupiga marufuku, na jambo likaishia mahakamani. Mtu hutafuna mchana kutwa, usiku macho yamekauka, akatafuta kidonge kimlaze; kesho huanza tena. Mtu huyu hana haja ya kidonge cha pili, bali aache kile kilichomwamsha.

Amma suala la ulevi, dawa anywayo mgonjwa kwa amri ya tabibu na kwa kipimo chake si ulevi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamuru tujitibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya miili na ya nafsi, na humo akatenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni isiyo na sababu, akaona hii ya pili asili yake ni mwilini na hutibiwa kwa dawa. Na aliye mgonjwa, saumu ikawa yamdhuru, hufungua akalipa siku nyingine. Tena fluoksetini hunywewa mara moja tu kwa siku, na katika Ramadhani yaweza kunywewa wakati wa daku.

Kwa mama wa Msambweni twasema hivi: mwana arudi hospitali leo, wala asingoje Idi. Amweleze tabibu ukweli wote, vidonge vingapi kwa siku na kwa miezi mingapi, bila ya kuona haya. Huenda akarejeshewa dawa ile ile, kisha ipunguzwe kwa majuma mengi, hata miezi; mama asistaajabu. Na vidonge vilivyobaki nyumbani asivitupe, bali aende navyo, tabibu avione na kuvihesabu.