Kupima Kina cha Kikosi na Matarajio ya Wachezaji

Katika mwongozo huu, "mbadala aliyepimwa" ni mchezaji wa benchi aliyecheza dakika 450 au zaidi za ligi msimu uliopita katika namba ileile, yaani mechi 5 kamili. Chini ya hapo huna ushahidi wa kutosha. "Kina" ni idadi ya namba, kati ya 11, zenye mbadala aliyepimwa.

Mfano wetu ni Ligi Kuu Tanzania Bara: timu 16, mechi 30. Andaa daftari, penseli, kikokotoo na rekodi ya dakika za kila mchezaji.

1. Chora safu 11, moja kwa kila namba katika mfumo ambao timu huutumia zaidi.

2. Gawa dakika za kila mchezaji kulingana na namba alizocheza. Jumlisha kila safu: 30 × 90 ni 2,700. Ikipungua, tafuta kadi nyekundu. Kama haipo, kuna jina umelisahau. Usiendelee kabla hesabu haijakaa sawa.

3. Zungushia duara mbadala aliyepimwa wa kila namba. Jina moja, duara moja. Hapa ndipo wengi hujidanganya: kiraka anayeweza kucheza namba 2, 5 na 6 huhesabiwa mara tatu, ilhali siku ya mechi ni mtu mmoja. Hesabu maduara, kisha andika kina.

4. Futa jina la mchezaji mwenye dakika nyingi zaidi, kisha panga kikosi upya. Tuseme ni namba 6. Ukimsogeza beki wa kati kuziba pengo, namba 4 inabaki wazi. Ukimvuta beki wa kulia aje kati, pengo limehamia pembeni. Andika idadi ya waliohama. Wakizidi mmoja, namba hiyo ni ya kusajiliwa kwanza, hata kama mashabiki wanalilia mshambuliaji.

5. Fuatilia kazi ya mchezaji aliyeondoka, si namba yake tu. Fiston Mayele alifunga mabao 17 ya ligi akiwa Yanga msimu wa 2022/23, kisha akaenda Pyramids ya Misri. Msimu uliofuata Yanga ilitetea ubingwa, na mfungaji bora wa ligi alikuwa Stephane Aziz Ki, kiungo, kwa mabao 21. Aliyetazama namba 9 peke yake aliona pengo. Mabao yalikuwa yamehamia kwa kiungo.

6. Pima chipukizi kwa dakika. Zidisha mabao kwa 90, gawa kwa dakika alizocheza. Mabao 4 katika dakika 600 ni 0.6 kwa mechi. Mabao 8 katika dakika 2,400 ni 0.3. Wa kwanza ana matarajio, lakini dakika zake ni chache: mfuatilie msimu wa pili kabla ya kumpa namba. Andika pia umri na mwisho wa mkataba, maana kijana mzuri hakai. Mbwana Samatta aliondoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011 akiwa na miaka 18.

7. Rudia hatua ya 2 hadi ya 4 wiki moja kabla ya dirisha dogo, kwa dakika za msimu unaoendelea. Kwa kuwa mechi bado hazijafika 30, zidisha mechi zilizochezwa kwa 90 upate jumla mpya ya kila safu, na shusha kiwango cha 450 kwa uwiano huohuo: baada ya mechi 15, ni dakika 225.